Aliyemshikia Bwana Arusi Nafasi

Alfani fundi cherehani hakwenda kuitafuta sinema. Sinema ndiyo iliyomfuata barazani, ikamkuta ana pini nne mdomoni na suruali ya karani wa boma mapajani.

Ilikuja na Mzungu mmoja mrefu, shingo nyekundu, kaptura imepauka. Alipanda baraza la duka la Mhindi pale Newala, akauliza kwa Kiswahili alichookota jeshini wakati wa vita kama kuna futi ya kupimia. Yake ilikatika njiani kutoka Masasi. Mwenye duka akasema hana. Alfani akavua ya kwake shingoni akampa, maana ndivyo alivyokuwa, mwepesi wa kutoa na mzito wa kudai. Mzungu hakuondoka. Alimtazama Alfani kimo, akamtazama uso, akamwambia ageukie jua, akamsogezea shavuni kidude chenye mshale, cha kupimia mwanga, akakisoma, akaridhika.

"Wewe na futi yako," akasema, "njooni kesho Chilangala."

Huyo ndiye Cecil, mpiga picha wa sinema ile. Na kazi aliyompa Alfani, nisikufiche, ilikuwa kusimama. Mchezaji mkuu aliletwa kutoka Dar es Salaam, karani mmoja mwenye sauti nzuri na nywele za mafuta, jina lake Majaliwa. Majaliwa hakuweza kukaa juani saa mbili huku Cecil akitafuta mwanga. Angetoka jasho na poda yote imwagike. Basi alitakiwa mtu wa kimo chake na rangi yake amshikie nafasi. Alfani anasimama, Cecil anapima kwa futi kutoka jicho la kamera hadi puani kwake, chini inawekwa alama ya chokaa, na watu wawili wanageuza mbao zilizobandikwa karatasi ya fedha ili jua limrudie usoni. Mambo yakishakuwa sawa, Majaliwa anatoka kivulini, anaweka miguu pale pale alipoweka Alfani, na picha inapigwa. Alfani anakwenda kukaa. Kazi ya ajabu hiyo, kufanya kila kitu isipokuwa kile chenyewe.

Mwenye kuongoza sinema alikuwa Mzungu mwingine, mfupi, mwenye kofia ya majani. Watu walimwita Bwana Anza, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa neno lake kubwa la Kiswahili. Siku ya kwanza Alfani aliamini kwamba Bwana Anza ndiye mkubwa wa wote, maana ndiye aliyepiga kelele. Siku ya pili akaona Bwana Anza anapiga kelele, Cecil anatikisa kichwa, na Bwana Anza anahamisha kiti chake. Siku ya tatu Cecil akataka jambo, Bwana Anza akakataa, na Cecil akabeba kamera yake kimya akaenda upande aliotakiwa. Jioni wawili hao wakaonekana wanakula ming'oko, viazi vyetu vya porini, sahani moja, wanachora mchangani kwa vijiti, kila mmoja akifuta mchoro wa mwenzake. Alfani akashindwa kupata nani bwana na nani mtumishi.

"Hii picha hasa ni ya nani?" akamwuliza Cecil.

"Hadithi ni yake. Macho ni yangu. Uso ni wa Majaliwa. Miguu ni yako."

"Sasa ukiviweka vyote pamoja?"

Cecil akajikuna kichwa. "Niulize tena ikishakwisha," akasema.

Na kama hilo halikutosha kumchanganya mtu, hadithi yenyewe ilipigwa kichwa chini miguu juu. Ilikuwa habari ya Juma wa mjini aliyemwoa Zuhura wa huku juu kwetu, akamtelekeza, akajuta, akarudi. Lakini Jumatatu Juma alirudi akijuta, Jumanne akamtelekeza mke, Jumatano Zuhura akapangiwa kuulizwa kama ameridhia kuolewa, na harusi ikawekwa Alhamisi. Watu wa Chilangala waliokuja kutazama wakagawanyika. Wengine walisema Wazungu wamekosea kalenda. Mama mmoja aliyemlilia Zuhura kwa machozi ya kweli siku ya Jumanne, aliposikia kwamba Alhamisi anaolewa na mwanamume yuleyule, alikuja juu akauliza kama mtoto huyo hana ndugu wa kumwonya.

Zuhura huyo alikuwa Sikudhani, mtoto wa Bimdogo wa Chilangala, na hapo ndipo palipomwuma Alfani. Ni Cecil aliyemchagua. Bwana Anza alimtaka mwingine, mnene kidogo, mwepesi wa kucheka. Cecil akasema uso wa yule unacheka lakini mwanga haukai, na wa huyu unakaa. Wakabishana tangu chai hadi chakula cha mchana, Cecil akashinda. Alfani akajisemea moyoni kwamba yeye alikwisha kumchagua miaka miwili nyuma, bila kidude chochote.

Alimpenda, tuseme wazi, kuzungukazunguka kwa nini. Alimpenda tangu siku Sikudhani alipoleta kanga ipindwe pindo, akaipokea ilipokwisha, akaitandaza, akamwambia mshono umekwenda upande, na kweli ulikuwa umekwenda upande. Mwanamke wa miaka ishirini na mitatu hivi, aliyekwisha kuolewa mara moja na kuachwa, na mwenye ulimi wake. Mara mbili Alfani alipeleka posa, na mara mbili Mjomba Swalehe akaikataa. Kwetu mjomba ndiye mwenye mpwa. Tena baba yake Sikudhani alikwisha kufa, na ndugu za baba walimwachia Swalehe mambo yote ya binti mbele ya watu. Swalehe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mikorosho. Mkwe wa kwanza alikuja, akala, akanenepa, akaondoka bila kufyeka hata mstari mmoja, na Swalehe alikuwa ameapa kwamba wa pili atakuwa mtu wa jembe.

"Fundi, mimi na wewe hatuna ugomvi," alimwambia Alfani. "Lakini shamba halifyekwi kwa cherehani. Na wewe ni mtu wa Lupaso, mtu wa bondeni. Leo upo, kesho umewafuata nduguzo."

Kwa sinema, lakini, Swalehe alikubali upesi. Bwana Disii, Mzungu mkuu wa wilaya, mwenyewe alimwomba, naye akaona si vibaya mpwa wake aonekane hadi Dar es Salaam. Sharti lake lilikuwa moja: ikiwa Sikudhani ataozeshwa, hata kwa uongo, mwozeshaji awe yeye na si mtu mwingine. Mwalimu Fakihi, aliyefundisha Kurani pale Chilangala, naye akakubali kukaa kwenye mkeka wa sinema kwa sharti lake: yatajwe majina ya hadithi tu, maana maneno ya ndoa si ya kuchezea. Bwana Anza alikubali yote. Alikuwa mtu wa kukubali kila sharti kabla halijatafsiriwa.

Jumatano, basi, ikafika zamu ya ridhaa. Cecil aliweka kamera mlangoni kwa Bimdogo, Sikudhani akakaa ndani kidogo, pale mwanga unapoishia baada ya kizingiti. Majaliwa hakuja. Alikuwa na mafua, amelala kwenye nyumba ya wageni pale boma. Bwana Anza akataka kazi iahirishwe, Cecil akasema ya nini, Juma haonekani katika kipande hiki, anayehitajika ni Zuhura na macho yake. Ila macho lazima yatazame kitu, yasizurure kama mbuzi. Akamsimamisha Alfani ubavuni mwa kamera, bega lake karibu liguse kioo, akamwambia Sikudhani, "Mtazame huyu."

Mwalimu Fakihi akauliza kutoka pembeni, "Zuhura binti Rashidi, umeridhia kuolewa na Juma bin Hamisi?"

Sikudhani akamtazama Alfani. Akamtazama kwa muda mrefu kuliko alivyofundishwa, hata Bwana Anza akafungua mdomo, na Cecil, jicho lake likiwa bado kwenye kamera, akamwinulia mkono anyamaze.

"Nimeridhia," akasema Sikudhani.

Siku hiyo Alfani alirudi Newala kwa miguu na hakujua amefikaje. Alijiambia kwamba ni Zuhura aliyekuwa anamtazama Juma. Kisha akajiambia kwamba Juma alikuwa na mafua boma. Akakaa kwenye cherehani, akashona mkono wa kushoto wa koti mahali pa mkono wa kulia, akaufumua, akaushona tena palepale.

Alhamisi asubuhi mkeka ukatandikwa uwanjani kwa Bimdogo. Cecil aliishusha kamera hadi karibu iguse mchanga, maana alichotaka ni mikono: mkono wa mwozeshaji na mkono wa bwana arusi ikishikana, na kwa nyuma kinywa cha mjomba. Chini ya kamera aliweka mbao mbili ili aweze kuisogeza mbele polepole maneno yakiendelea. Majaliwa, mafua yamepungua, alikuwa garini anapakwa poda.

"Kwanza jaribio," Cecil akasema, "na maneno yote, nijue mikono inashikana lini na inaachana lini. Fundi, kaa."

Alfani akakaa mahali pa bwana arusi. Mashahidi wawili wa Chilangala walikuwa wamekaa, mmoja kulia mmoja kushoto. Mwalimu Fakihi alikuwa na kitabu chake. Mjomba Swalehe akamtazama Alfani, akautazama ule mkono uliokwisha kupeleka posa mara mbili, akaushika kama mtu aliyepewa kumshika kuku wa jirani. Cecil akalala kifudifudi nyuma ya kamera.

"Nikiinua kidole unajibu," akamwambia Alfani. "Si kabla."

"Nimekuozesha," akaanza Swalehe, akasita.

Jina la Zuhura binti Rashidi alikuwa nalo mdomoni, alilikariri tangu jana. Lakini alikuwa amekaa mkekani, ameshika mkono wa mtu, mashahidi wapo, kitabu kipo. Swalehe alikwisha kuozesha wapwa wanne, na mara zote nne ulimi wake ulipita njia moja. Amwozeshe binti Rashidi? Rashidi yupi? Tangu lini mtu akaozesha mtoto wa watu asiowajua, mbele ya Mungu, mchana kweupe? Ulimi ukakataa katakata.

"Nimekuozesha mpwa wangu Sikudhani binti Chilumba," akasema, kwa sauti nzito, ile ya kazi.

Mwalimu Fakihi wakati huo alikuwa na jua zima machoni, limerudishwa na ubao wa fedha, na mwenye ubao anampungia mkono asogee asitie kivuli. Alisikia, lakini akadhani masikio nayo yamepigwa na jua.

Alfani yeye alisikia vizuri mno. Tena akasikia na jambo la pili: kamera inanguruma. Cherehani inayoshona na cherehani inayozungushwa tupu hazilii sawa, mtu wa kazi hiyo hadanganyiki, na mashine ya Cecil ilikuwa inashona. Hili ni jaribio au ndilo lenyewe? Na ikiwa ndilo lenyewe, mbona aliyekaa hapa ni yeye? Akaubana mkono wa Swalehe kama mtu anayevuka mto. Kidole cha Cecil kikainuka.

"Nimekubali kumwoa Sikudhani binti Chilumba," akasema Alfani.

Swalehe akauachia mkono. Shahidi wa kulia akakohoa. Bwana Anza, ambaye hakuelewa hata neno moja, akapiga makofi mawili, akasema safi sana, aitwe Majaliwa.

Majaliwa akaja ananukia, akaketi palepale. Safari hii Swalehe alimtaja Zuhura binti Rashidi bila kujikwaa, kwa sababu mkono aliopewa ulikuwa laini mno, haukumkumbusha harusi yoyote aliyopata kuiona. Wakarudia mara nne. Ya nne ilipokwisha Cecil akainuka, akajipangusa mchanga, akamwambia Bwana Anza jambo kwa Kiingereza, na ugomvi ukalipuka.

Majaliwa ndiye aliyewatafsiria watu, huku uso wake unamshuka. Cecil alikuwa anasema kwamba kamera aliiachia ipige wakati wa jaribio, na kwamba anachotaka ni mikono ile ya kwanza, ya fundi. Ile ilikuwa hai. Hii ya sasa ni mikono ya watu wawili wanaongoja chakula. Bwana Anza anasema sinema ni ya Juma, na Juma ni Majaliwa, haiwezekani Juma awe na mikono ya mtu mwingine. Cecil anasema mikono haina jina. Uso wa Majaliwa ukifuata nyuma yake, mtazamaji mwenyewe ataviunganisha. Bwana Anza akaizunguka nyumba ya Bimdogo mara mbili, mikono nyuma. Aliporudi alikuwa amekubali, tena kama vile wazo lilikuwa lake tangu mwanzo.

Alfani akaitazama mikono yake. Kwa hiyo mikono yake ilikuwa imeoa, kwa ajili ya uso wa Majaliwa, kwa jina la Juma. Alijaribu kulifuata jambo hilo mpaka mwisho wake, akapotea katikati.

Chakula kikaletwa, ugali wa muhogo na kisamvu. Watu wakanawa, wakazunguka sinia. Shahidi wa kulia akamega tonge, akalichovya, akasema, "Hongera, fundi."

"Ya nini, mzee wangu?"

"Ya mke."

Watu wakacheka. Mwalimu Fakihi hakucheka. Aliweka tonge lake chini.

"Swalehe," akauliza, "ile mara ya kwanza ulitaja jina gani?"

"La kwenye sinema."

"Hasha," akasema shahidi wa kushoto. "Ulimtaja Sikudhani. Kila mtu amesikia."

Swalehe akafikiri. Ungeuona uso wake, ungemhurumia: alikuwa kama mtu anayerudi nyuma kutafuta kitu alichokiangusha njiani, na anakiona. "Ulimi uliteleza," akasema. "Lilikuwa jaribio. Mchezo."

"Kuna mambo matatu," akasema Mwalimu Fakihi, "tumefundishwa kwamba kweli yake ni kweli na mzaha wake ni kweli. Ndoa ni mojawapo."

"Lakini huyu alikuwa anamshikia mtu nafasi."

"Nani?"

"Majaliwa."

"Mimi nina mke Dar es Salaam," akasema Majaliwa upesi. "Msinitie humo. Mimi ninamchezea Juma."

"Naye Juma yuko wapi?" akauliza Mwalimu.

Watu wakatazamana. Mmoja akamtazama hata Bwana Anza, kana kwamba huenda anaye. Alfani alikuwa na tonge mkononi, linapoa. Alitaka jambo hili liwe kweli kwa nguvu zake zote, na aliona aibu kulitaka hivyo. Miaka miwili alinyimwa mke kwa maneno ya makusudi, leo apewe kwa neno lililoteleza? Na akipewa hivyo, amepewa nini?

Swalehe akainuka akamwendea Cecil. "Bwana, nionyeshe hiyo picha. Nataka nione nilisema nini."

"Imo humu," Cecil akasema, akigusa kamera. "Lakini haionekani. Mpaka ikasafishwe Ulaya. Miezi mitatu, minne."

"Imo, lakini haionekani?"

"Ndiyo."

"Na nikifungua nikatazama?"

"Itakufa. Mwanga utaila."

"Basi fungua," akasema Swalehe. "Mwanga uile, jambo liishe." Akanyoosha mkono.

Cecil akaikumbatia kamera kama mtoto mchanga. Na Bwana Anza, aliyekuwa akigombana naye asubuhi nzima, hata bila kutafsiriwa akaruka akasimama mbele yake, mikono ameitanua. Wakawa ukuta mmoja wale. Alfani aliwaona, na kwa mara ya kwanza akapata fununu kidogo ya namna kazi yao inavyokwenda.

"Mwache, Swalehe," akasema Mwalimu. "Hata ikiungua, masikio yamesikia. Na hiyo mashine imechukua sauti?"

"Hapana," akasema Cecil. "Midomo tu. Sauti tutatia baadaye."

Swalehe akageuka. "Sasa kwenye sinema mimi nitasema nini?"

"Utasema Zuhura. Tutamtafuta mtu mwenye sauti ya kizee."

"Kinywa changu," akasema Swalehe polepole, "sauti ya mtu mwingine, jina la binti Rashidi nisiyemjua. Na mkwe ndiye wangu wa kweli?" Akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa, akashika tama.

Mwalimu Fakihi akamwita Cecil karibu. Alimwambia kwamba ushahidi wake katika ndoa ya Waislamu haupokelewi, asimkasirikie kwa hilo, lakini yeye alitazama kwa karibu kuliko wote. Je, aliona nini?

Cecil akaitazama kamera yake. "Nimepiga picha za harusi za uongo nyingi," akasema. "Kila mara najua ni uongo, ndiyo kazi yenyewe. Ile ya leo sikujua. Ndiyo sababu nikaitaka."

Jibu hilo halikumsaidia mtu. Mwalimu akafunga macho kidogo, akayafumbua, akasema kwamba limebaki jambo moja. Sikudhani si mwari. Amekwisha kuolewa, na ridhaa ya mwanamke wa namna hiyo ni kwa ulimi wake, kunyamaza hakutoshi. Jana alitamka. Lakini aliulizwa kwa jina la Zuhura. Ikiwa aliyejibu ni Zuhura, hapa hapana kitu, watu wamekula ugali tu. Ikiwa aliyejibu ni Sikudhani, basi fundi ni mume wake tangu asubuhi.

Hapakuwa na haja ya kumtafuta. Alikuwa jikoni na mama yake, hatua kumi kutoka pale, na ukuta wa jiko la Bimdogo ulikuwa wa fito tupu. Alitoka akijifuta mikono kwenye kanga. Bado alikuwa na wanja wa Zuhura machoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mpwa wangu," akasema Swalehe, na sauti yake sasa ilikuwa ya kuomba, "sema alikuwa Zuhura. Neno moja tu. Sitamlaumu mtu, wala fundi sitamlaumu. Kosa ni langu, nisaidie nilifute."

Sikudhani akampita mjomba wake. Alimgeukia Alfani. Tangu waanze kazi hawakuwa wamesemezana, ila salamu.

"Asubuhi uliposema nimekubali," akamwuliza, "ulijisemea mwenyewe, au ulikuwa unamshikia mtu nafasi?"

Jibu la kumfaa Alfani lilikuwa wazi, hata mbuzi wa Bimdogo angelijua. Mashahidi walikwisha kuanza kuitikia kwa vichwa kumsaidia. Akafungua kinywa alitoe, likakataa kutoka. Alikumbuka jina lake Sikudhani lilivyomwingia sikioni. Akakumbuka pia kile kidole kilivyoinuka, na kwamba kisingeinuka labda angekuwa bado amekaa pale kinywa wazi.

"Sijui," akasema. "Nilisikia jina lako, nikaona na kidole. Kipi kati ya viwili hivyo kilichonitoa neno, wallahi sijui. Ningependa kukwambia kwamba ni jina lako."

"Mmesikia," akasema Swalehe, akainuka kwenye kinu. "Hata mwenyewe hajui."

Alfani akatazama mchanga. Alijua amejimaliza kwa ulimi wake mwenyewe. Alijichukia kwa ule ukweli wake usio na faida, akataka kuchukua futi yake aende zake.

"Yeye hajui," akasema Sikudhani. "Mimi najua."

Mwalimu Fakihi akamsogelea. "Sema, mwanangu."

"Jana niliambiwa nitazame mtu. Juma hayupo duniani. Majaliwa alikuwa amelala boma. Aliyesimama mbele yangu ni huyu. Niliulizwa kama nimeridhia, na kabla sijajibu nilimtazama kwanza, nikafikiri, mkaona nyote nimechelewa. Zuhura alikuwa hana la kufikiri, alikwisha kuandikiwa jibu. Aliyechelewa ni mimi, na aliyejibu ni mimi."

"Wewe nani?" akauliza Mwalimu. "Litaje jina."

"Sikudhani binti Chilumba."

Bimdogo akaanza kigelegele pale mlangoni pa jiko, akakikatiza nusu, akamtazama kaka yake. Mkono wa Cecil ulikuwa umekwisha kwenda kwenye kamera. Akautazama, akautia mfukoni. Bwana Anza aliuliza kwa Kiingereza kuna nini, akauliza tena, na Majaliwa hakumtafsiria.

 Swalehe alimtazama mpwa wake, akamtazama Mwalimu, akamtazama Alfani, ambaye alikuwa amesimama na kisamvu kimemkaukia vidoleni, hajui aende wapi. Kisha akarudi kwenye sinia, akaketi.

"Bimdogo," akasema, "lete maji ya kunawa. Mkwe wangu hajala."